Alama

Miaka ishirini na tisa nilikuwa askari magereza,
kazi yangu daftari la mapokezi:
jina, kijiji, kosa, urefu,
na safu ya mwisho, alama za mwilini.
Kovu la panga, bega la kushoto.
Jino la mbele halipo. Chale tatu kifuani.
Nilijifunza kumsoma mtu kabla hajasalimu,
na nilipostaafu hakuna aliyeniambia niache.

Basi walipotafuta mzee wa kukaa meza ya mchujo,
uwanja wa manispaa, Mbale, Jumamosi ya manyunyu,
wakanipa kalamu na fomu.
Kasi. Pumzi. Nidhamu. Tabia.
Kila kimoja alama kumi.

Tabia ya mtu anayekupita mbio utaionaje?
Mimi niliiona. Niliiona kwenye ngozi.

Binti wa Soroti, kipepeo juu ya kifundo cha mguu: nne.
Mvulana wa kuruka juu, simba kwenye shavu la mguu,
simba mwenye macho ya mbuzi,
maana fundi wake hajapata kuona simba: tatu,
na moja nikamwongezea kwa huruma.

Mwenyekiti Wamimbi akachungulia fomu yangu.
"Mtoto aliyelelewa," akasema, "hajichori kama ukuta wa choo."
Tukacheka.
Yeye aliyesimama mbele ya kisu akiwa na miaka kumi na minane,
uso umepakwa unga, umati ukiimba, jicho halikupepesa,
na hadi leo akionja pombe hutusimulia damu ile.
Nami nina duara la chanjo begani,
kubwa kama kifungo cha koti,
na hakuna aliyewahi kunipunguzia alama.

Kisha Sikoria, wa Bukwo,
mita elfu tatu, viunzi na maji.
Viatu vya kuazima, kimoja kimekazwa kwa kamba ya katani.
Alipoliruka dimbwi
maji hayakujua kama kuna mtu amepita.
Kasi, kumi. Pumzi, kumi.
Nidhamu, nane, kwa sababu sijawahi kumpa mtu kumi tatu.

Akaja mezani kutia sahihi, akanyoosha mkono,
na upande wa ndani, kuanzia kwenye kiwiko,
tarakimu kumi zilizopinda,
wino wa buluu, buluu ya kalamu ya shule.

Tarakimu nazifahamu.
Kule ndani, mwenye tarakimu alikuwa na bwana wake.
Sikumuuliza. Daftari halikuwahi kuwa na safu ya kuuliza.
Tabia: sifuri.
Niliiandika vizuri, duara limefunga.

Jioni umeme ukakatika.
Nikawa nanakili fomu za kupeleka Kampala
kwa tochi ya simu, nikafika kwenye mstari
ambao mezani hatukuwa tunausoma:
ndugu wa kupigiwa, likitokea la kutokea.
*Mama. Simu ni ya jirani mwenye duka.*
Sifuri, saba, saba, nane.
Mkono wake wote ukarudi mbele yangu.

Nikaiona ile barabara ya mlimani kabla ya alfajiri,
ukungu, malori ya mbao,
kijana peke yake, kaptura isiyo na mfuko,
hana simu, hana kitambulisho,
ana ngozi tu ya kubebea ujumbe.

Sijui kwa nini nilipiga.
Nadhani nilitaka iwe uongo.
Iliita mara mbili. Mwanamume akaitika,
hakusubiri nijitaje; nikasikia anakimbia,
mbwa, kuku, lango la bati,
kisha mwanamke, pumzi juu juu:

"Ameanguka?"

Fomu ilikuwa magotini. Sifuri yangu, mviringo safi,
wino ulishakauka.

"Baba, wewe uliyepiga. Sema tu.
Mwanangu ameangukia wapi?"